Barua 41, majibu mawili: nafasi za utafiti wa baada ya uzamivu hutafutwaje na mtu anayeishi Bukavu?

BintiKadutu (Bukavu)

Ndugu zangu watafiti, nawasalimu nyote. Nilitetea tezi yangu, yaani tasnifu ya uzamivu, ya kemia ya maji miezi kumi na minne iliyopita, hapa hapa Bukavu, baada ya miaka sita ya kupima fosforasi na nitrojeni kwenye midomo ya mito inayoingia katika ziwa Kivu, ukiwemo mto Kawa unaopita katikati ya mji wetu. Tangu siku hiyo natafuta nafasi ya utafiti wa baada ya uzamivu, ile ambayo watu wa chuo wameizoea kwa jina la postidoki, na sasa sijui tena kama kosa liko mahali ninapotafuta au katika namna ninavyojieleza.

Niwaeleze nilivyofanya, ili anayenijibu asipoteze muda kunishauri jambo ambalo nimeshalijaribu. Nimeandika barua pepe 41 kwa maprofesa wa Ubelgiji, Ufaransa, Uswisi, Ujerumani na Afrika Kusini. Wawili walijibu: mmoja alisema hana fedha kwa wakati huu, mwingine alinitakia heri. Barua yenyewe ilianza hivi: «Mheshimiwa Profesa, mimi ni mtafiti mwenye bidii na ari kubwa, nina shahada ya uzamivu katika kemia, na ningependa kujiunga na maabara yako yenye sifa duniani kote ili niendeleze ujuzi wangu.» Kisha niliambatisha wasifu, diploma zote na barua tatu za mapendekezo. Nakiri kwamba kutoka barua moja hadi nyingine nilibadilisha jina la profesa na la chuo tu.

Tuko watatu. Kila Jumamosi tunakutana kwa mwenzetu huko Nyawera kwa sababu intaneti yake inavumilika: mimi, mwenzetu wa historia aliyeandika juu ya vibarua wa mashamba ya kwinini ya Kivu, na mwenzetu wa hisabati. Tunasoma matangazo yale yale, lakini hakuna tangazo hata moja linalotufaa wote. Yule wa historia haoni maabara ya kuombea, na yule wa hisabati anakuta milango yote imeshafungwa kabla hajajua kama ilikuwa wazi. Je, kila fani ina njia yake, au sisi ndio tumepotea?

Jambo la mwisho ni hili. Wazee wangu wa chuo wananiuliza kwa nini daktari mzima anataka kurudi kuwa mwanafunzi, badala ya kungoja kuteuliwa kuwa profesa mshiriki. Ninawaheshimu sana, na mpaka leo sijapata la kuwajibu.

MwanajiolojiaWaHimbi (Goma)

Dada BintiKadutu, pole kwa barua 41, na hongera kwa miaka sita ya kupima maji, kwa maana si wengi waliolivumilia ziwa hili kwa muda huo. Naanza na swali lako la mwisho, kwa sababu ukishalijibu, barua yako itabadilika yenyewe.

Ngazi ya kwetu inajulikana: asistenti, kisha mkuu wa kazi, yule tunayemwita C.T., kisha mtu akishatetea tezi anangoja uteuzi wa profesa mshiriki. Kati ya tezi na uprofesa hakuna kipandio kingine, na ndiyo maana wazee wetu wanapomwona daktari anaomba postidoki wanadhani amerudi darasani. Katika vyuo vingi vya Ulaya na Marekani kipandio hicho kipo, nacho ni kazi: mtu anachukuliwa kwa muda maalumu, mara nyingi mwaka mmoja hadi mitatu, afanye utafiti na kuchapisha makala, na mwishoni hapewi diploma yoyote. Sasa isome tena barua yako. Uliandika kwamba unataka kuendeleza ujuzi wako, maana yake uliomba masomo. Profesa mwenye maabara hana fedha za kuendeleza ujuzi wa mtu. Ana fedha alizopewa ili ajibu maswali fulani kabla ya tarehe fulani, na anamtafuta mtu wa kumsaidia kuyajibu.

Fedha hizo zinaweza kuonekana kabla hata tangazo halijatoka, na hili ndilo ningependa ulishike kuliko mengine yote. Chukua makala tano mpya zilizo karibu na kazi yako, uruke matokeo, uende moja kwa moja mwishoni kwenye shukrani. Hapo waandishi wanalazimika kutaja mfadhili, na mara nyingi wanaandika namba ya ruzuku. Miradi ya Umoja wa Ulaya utaikuta katika hifadhidata iitwayo CORDIS, na ile ya mfuko wa utafiti wa Ujerumani, DFG, iko katika GEPRIS. Zote mbili zinasomwa bure, na CORDIS inaonyesha mradi ulianza lini na utakwisha lini. Mradi wa miaka mitano ulioanza mwaka jana bado unaajiri, au utaajiri karibuni. Mradi uliobakiza miezi minane umeshatumia karibu kila kitu, na profesa wake akikuambia hana fedha anasema kweli.

Mimi nilipata nafasi yangu kwa njia hiyo. Baada ya mlipuko wa Nyiragongo wa tarehe 22 Mei 2021 nilikwenda Buhene, nje kidogo ya Goma, lava ikiwa bado inatoa joto, nikaokota mawe, nikayafunga katika mifuko ya unga ya plastiki, na ndani ya kila mfuko nikaweka kikaratasi chenye saa, siku na namba za mahali kama simu ilivyozionyesha. Mwaka uliofuata nilikuta katika shukrani za makala moja jina la mradi uliokuwa unachunguza lava za aina hiyo. Barua yangu kwa mkuu wa mradi ilikuwa na mistari tisa, na mstari wa pili ulitaja mifuko ile. Alinijibu siku ya tatu, na swali lake la kwanza lilikuwa kama vikaratasi bado vinasomeka.

Kwa hiyo barua yako ningeiandika namna hii, nawe ubadilishe kila tarakimu ilingane na ukweli wako: «Profesa, katika makala yenu juu ya virutubishi vya ziwa Kivu mmekadiria kiasi kinacholetwa na mito kutokana na vituo vichache vya kusini. Nina vipimo vya fosforasi vya kila mwezi kutoka kwenye midomo ya mito mitano ya upande wa Bukavu, vya miaka minne mfululizo, na sehemu yake bado haijachapishwa. Katika miezi ya mvua vipimo hivyo viko mbali na makadirio hayo. Ningependa kujua kama swali hili lina nafasi katika mradi wenu, na kama mngenipa dakika ishirini za mazungumzo.» Basi. Ambatisha wasifu wa kurasa mbili na makala moja. Diploma na barua za mapendekezo zinangoja ziombwe.

Usidhani kwamba kwa kutaja ziwa la kwenu unajifungia. Ziwa hili lina kina cha mita 485 hivi, na maji yake ya chini yamebeba takribani kilomita za ujazo 60 za methani iliyoyeyuka; maziwa yanayotajwa pamoja nalo kwa hatari ya gesi ni Nyos na Monoun ya Kamerun, ambayo ni madogo mno ukiyalinganisha. Wataalamu wa Eawag, taasisi ya utafiti wa maji huko Uswisi, na wa vyuo vikuu vya Liège na Namur huko Ubelgiji, wamelichunguza kwa miaka mingi. Hao ndio unaopaswa kuwaandikia kwanza, kwa sababu wanajua thamani ya sampuli ya mwezi wa Novemba iliyochukuliwa mvua ikinyesha.

Kuhusu matangazo, tovuti ya EURAXESS ya Tume ya Ulaya ni ya bure na inachukua fani zote, na kurasa za ajira za jarida la Nature zinafaa kwa sayansi asilia. Usiishie hapo, kwani vyama vya wanataaluma vina orodha zao, na sisi watu wa miamba tunatazama zaidi ile ya EGU, chama cha Ulaya cha sayansi za dunia.

Kuna pia njia ya pili, ambapo fedha zinatolewa kwa jina lako wewe badala ya mradi wa profesa. Unaandika mradi wako, profesa anakubali kuwa mwenyeji, na mfadhili ndiye anayeamua. Inayojulikana zaidi ni ile ya Marie Skłodowska-Curie ya Umoja wa Ulaya. Kwa mwito wa 2025 uliofungwa tarehe 10 Septemba, sharti lilikuwa uwe umeshapata uzamivu siku ya kufunga, usiwe umezidisha miaka 8 ya utafiti tangu uupate, na usiwe umeishi au kufanya kazi katika nchi ya mwenyeji kwa zaidi ya miezi 12 ndani ya miezi 36 iliyotangulia. Sharti hilo la mwisho linawaangusha wengi waliosomea huko huko Ulaya. Wewe uliyekaa Bukavu muda wote linakupendelea. Lakini ujue ushindani ulivyo: mwaka 2024 waliomba 10,360 na wakapata 1,696, yaani karibu mmoja kati ya sita, na mwaka 2025 maombi yalipita 17,000. Ndiyo sababu ninawashauri wenzetu wafikirie wenyeji walioko Ureno, Slovenia, Estonia, Ucheki au Poland, kwa kuwa aliyeomba kwenda huko anaweza, kwa kukubali tu ndani ya fomu, kuingizwa katika mchujo wa pili uitwao ERA Fellowships endapo atafaulu bila kufikia nafasi za mwanzo. Wengi hawaweki alama katika kisanduku hicho kwa sababu hawajui kazi yake.

MwalimuKamalondo (Lubumbashi)

Nawasalimu kutoka Lubumbashi. Ndugu wa Himbi amesema vema, na nitatumia ushauri wake wa shukrani za makala kwa wanafunzi wangu. Hata hivyo natofautiana naye kwa niaba ya mwenzenu wa historia, kwa sababu mtu wa historia, wa lugha au wa falsafa akifuata njia ya mistari tisa atabaki mlangoni.

Katika fani zetu ni nadra profesa kuwa na mradi wenye kiti kitupu kinachomsubiri mtu. Kinachonunuliwa ni wazo lako, na wazo hilo linapimwa kwa maandishi: kurasa mbili hadi tano za pendekezo, sura moja ya tasnifu, na makala iliyochapishwa katika jarida lenye wahakiki. Nimesoma mapendekezo mengi ya vijana wetu, na kasoro ninayoikuta mara nyingi ni kwamba mtu anaeleza mada bila kueleza vyanzo. Anaandika «nitachunguza maisha ya vibarua wakati wa ukoloni» kana kwamba maisha hayo yamewekwa kwenye rafu yanamngoja. Mwenzenu wa kwinini aseme ana nini mkononi. Je, amepata daftari za mishahara? Amerekodi wazee wangapi, katika lugha gani, nani ameandika mazungumzo hayo neno kwa neno, na kanda zimehifadhiwa wapi? Je, amekwisha kutambua mafaili anayoyahitaji katika nyaraka za ukoloni zilizoko Brussels na katika Makumbusho ya Kifalme ya Afrika ya Kati huko Tervuren? Mtu anayesema «nina saa themanini za mazungumzo ya Kiswahili na Kimashi, na upande wa pili wa habari hizi uko Brussels katika mafaili haya» amekwisha kueleza kwa nini lazima asafiri, na kwa nini ni yeye na si mtu mwingine.

Milango ambayo ningempeleka kwanza ni mitatu. Taasisi ya STIAS ya Stellenbosch, Afrika Kusini, ina mpango uitwao Iso Lomso kwa ajili ya watafiti chipukizi wa Kiafrika wa fani zote. Mwombaji awe amepata uzamivu ndani ya miaka 7 na awe na nafasi katika chuo cha Kiafrika, na mpango hauchukui mtu jumla, bali unamfuata kwa miaka 3 akiwa anakwenda na kurudi. Kwa mtu asiyetaka kupoteza kiti chake hapa nyumbani sioni ulio bora zaidi. Mpango wa FIAS wa taasisi za Ufaransa unatoa miezi 10 kwa watu wa sayansi za jamii na za utu, lakini kwa kawaida unadai miaka 2 ya utafiti baada ya uzamivu, kwa hiyo aupange kwa baadaye. Na Wakfu wa Alexander von Humboldt wa Ujerumani unapokea maombi mwaka mzima bila tarehe ya mwisho, kutoka nchi zote na fani zote, kwa aliye ndani ya miaka 4 tangu apate uzamivu. Muda ni miezi 6 hadi 24. Huo unamfaa hata BintiKadutu. Kinachohitajika kabla ya yote ni mwenyeji aliyeko Ujerumani aliyekubali kwa maandishi.

Matangazo ya historia yako H-Net, ya isimu yako Linguist List, ya falsafa yako PhilJobs. Jumamosi mkikutana kwa mwenzenu wa Nyawera, kila mtu afungue orodha ya fani yake, kisha msomeane mapendekezo mliyoandika. Mwanakemia akishindwa kuelewa ukurasa wa kwanza wa mwanahistoria, ukurasa huo haujaiva, kwa sababu kamati nyingi za ufadhili zimechanganya watu wa fani tofauti.

Hisabati_Katindo (Goma)

Nitasema machache kwa ajili ya mwenzenu wa hisabati. Fani yetu ina kalenda yake, na anayeichelewa anangoja mwaka mzima. Nafasi nyingi, hasa za Amerika Kaskazini, zinatangazwa kwenye MathJobs, tovuti ya Chama cha Wanahisabati wa Marekani, kuanzia Septemba hivi, na tarehe nyingi za mwisho ni Novemba na Desemba, kwa kazi inayoanza Agosti au Septemba ya mwaka unaofuata. Wadhamini wenyewe, yaani wanaomwandikia barua za mapendekezo, ndio wanaopakia barua zao katika tovuti hiyo, kwa hiyo inafaa awaombe mwezi wa Agosti.

Asitazame mbali tu. Kigali iko saa chache kwa basi kutoka hapa Goma, nako kuna kituo cha AIMS, taasisi ya Afrika ya sayansi za hisabati, na EAIFR, taasisi ya fizikia ya msingi iliyo ndani ya Chuo Kikuu cha Rwanda kwa ushirikiano na ICTP, kituo cha kimataifa cha fizikia ya nadharia kilichoko Trieste, Italia. ICTP yenyewe, iliyoanzishwa na Abdus Salam mwaka 1964, ina nafasi za baada ya uzamivu katika hisabati na fizikia, na pia ina mpango wa Washirika kwa watu wanaobaki kufundisha makwao na kwenda Trieste kwa vipindi. Kwenda mara moja kwenye semina ya Kigali na kuuliza swali zuri kutamfikisha mbali kuliko barua ishirini.

BintiKadutu (Bukavu)

Nawashukuru sana, na mwenzangu wa historia amenakili jibu la Mwalimu wa Kamalondo neno kwa neno katika daftari lake. Nimekaa siku mbili na vipimo vyangu. Kumbe nina miaka mitatu na miezi saba, si minne, kwa sababu mwanzoni mwa 2025, wakati wa vita, hatukuweza kufika kwenye vituo viwili, na tangu benki za mji zilipofungwa hata kununua vitendanishi kumekuwa shida. Je, niliseme hilo pengo au nilinyamazie?

Lingine ni la wanawake. Nina watoto wawili, na mdogo ana miaka mitatu. Mtu ameniandikia faraghani kwamba ofisi yake inaweza kunipatia nafasi Canada kwa dola 200 za kufungua faili. Na mwingine anasema nijiandikishe kwenye mipango ya wasomi walio hatarini, kwamba ndiyo njia ya haraka.

MamaMuhungu (Bukavu)

Mwanangu, usimpe mtu huyo hata dola moja. Mimi nililipa 150 kwa ofisi ya namna hiyo miaka iliyopita, nikapewa barua yenye muhuri mzuri ya chuo ambacho hakijawahi kusikia jina langu. Kuomba kwa Marie Skłodowska-Curie, kwa Humboldt au kupitia EURAXESS hakulipiwi chochote.

Mipango ya wasomi walio hatarini ipo kweli, kama Scholars at Risk iliyoanza mwaka 1999 na PAUSE ya Ufaransa iliyoanza mwaka 2017, nami nawajua watu iliowaokoa maisha. Iliwekwa kwa ajili ya mtu anayetishwa au asiyeweza kabisa kuendelea na kazi kwa sababu ya hatari inayomkabili. Katika PAUSE chuo kinachompokea ndicho kinachowasilisha ombi, kwa hiyo hata huko utahitaji mwenyeji. Kama hali yako imefika hapo, andika bila kuona haya. Kama haijafika, usichukue kiti cha aliyefikiwa.

Sasa watoto. Nilikaa Ubelgiji miezi 22, mwaka wa kwanza peke yangu na wa pili pamoja na wanangu wawili, na jambo ambalo ningependa mtu angeniambia mapema ni tofauti kati ya mkataba wa kazi na bursari. Zote mbili zinaitwa postidoki. Mwenye mkataba kwa kawaida anakatwa michango ya bima na kodi, na kwa hiyo ana haki ya likizo ya uzazi, ya matibabu na ya posho za watoto kama sheria ya nchi inavyosema. Mwenye bursari mara nyingi halipi kodi, na fedha mkononi zinaonekana nyingi, lakini mtoto akiugua ndipo anapojua bima yake inafika wapi. Mtu akikupa nafasi, swali lako la kwanza liwe hilo, na liulize kwa maandishi. Swali la pili liwe mkataba wa mapokezi, ile hati ambayo taasisi za utafiti za nchi nyingi za Umoja wa Ulaya humpa mtafiti mgeni, kwa sababu viza ya mtafiti inaombwa kwa hati hiyo, na familia ya mtafiti ina njia iliyo wazi zaidi kuliko familia ya mwanafunzi. Faili la viza linashughulikiwa Kinshasa, nawe unajua safari ya Kinshasa ilivyo tangu ndege zilipokatika, kwa hiyo hesabu miezi, usihesabu wiki.

Kabla ya kuondoka, pata ruhusa ya chuo kwa maandishi, yenye tarehe ya kurudi. Ruhusa ya mdomo huondoka pamoja na mkuu aliyeitoa.

Na kama hutaki kuhama sasa, kuna shirika la wanawake wa sayansi la OWSD, ambalo limekuwa na ufadhili wa watafiti chipukizi kwa wanawake wenye uzamivu walioajiriwa katika nchi zilizo nyuma kisayansi, yetu ikiwemo. Miito iliyopita ilitoa hadi dola 50,000, na mtafiti anabaki katika chuo chake akijenga kikosi chake. Tazama tovuti yao kila mwezi. Kuna wakati mtu anafanya jambo kubwa zaidi kwa kuwa na kifaa kizuri cha kupimia hapa hapa, karibu na mto Kawa, kuliko kwa kukaa Ulaya akingoja sampuli zifike.

MwanajiolojiaWaHimbi (Goma)

Dada, pengo liseme. Mtu anayefanya kazi na vipimo vya muda mrefu atauona mwezi uliokosekana ndani ya dakika mbili, na asipoelezwa sababu ataanza kuitilia shaka miezi mingine yote. Sentensi moja inatosha, bila kuomba radhi. Kuhusu mazungumzo, kumbuka kwamba kuanzia mwisho wa Oktoba hadi mwisho wa Machi Bukavu iko saa moja mbele ya Brussels, na miezi mingine saa zinalingana. Nimeona mtu akipoteza nafasi kwa jambo hilo. Siku hiyo uwe na simu ya pili yenye chaji na vifurushi vya mtandao mwingine, na mwanzoni kabisa umpe mwenzako namba yako ili umeme ukikatika mwendelee kwa sauti.

BintiKadutu (Bukavu)

Nimeandika upya, nitaituma kesho Jumanne asubuhi. Inaanza hivi: «Profesa, nina vipimo vya fosforasi vya miaka mitatu na miezi saba kutoka kwenye midomo ya mito mitano inayoingia ziwa Kivu upande wa Bukavu. Vituo viwili vina pengo la miezi mitano mwanzoni mwa 2025 kwa sababu ya vita. Vingine vitatu havina pengo.» Kisha nataja makala yake na mahali ambapo vipimo vyangu vinatofautiana na jedwali lake. Ina mistari kumi na moja. Je, kuna cha kupunguza?

MwanajiolojiaWaHimbi (Goma)

Usipunguze, ongeza kitu kimoja: majina ya mito yote mitano. Amelisoma ziwa hili kwa miaka, atayatafuta kwenye ramani yake kabla hajamaliza kusoma. Na kwenye kichwa cha barua pepe usiandike «Ombi la nafasi». Andika «Fosforasi, mito mitano ya Bukavu» pamoja na mwaka ulioanza na mwaka uliomaliza.